Jina la Njaa

Watu wengi hufikiri fundi wa kudarizi hasomi anachokishona. Wananiletea shali ya mtoto, wananiandikia jina kwenye kipande cha karatasi, kisha wanaanza kuzungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni sehemu ya cherehani. Nina kibanda hapa Kitale, hatua chache kutoka msikitini, na huu ni mwaka wa tisa. Ninasoma kila jina. Nikilipenda nalishona kwa uangalifu, na nisipolipenda nalishona kwa uangalifu vilevile, maana mwenye jina hajanikosea kitu.

Humu sitamtaja mtu yeyote kwa jina lake, hata mimi mwenyewe. Majina nitayataja kama maneno, pamoja na maana zake, na anayetaka kujua lipi ni la nani afuate maana. Ninafanya hivyo kwa makusudi. Tangu nikiwa mdogo watu wamejipa ruhusa ya kukata majina yangu, na safari hii mkasi ninao mimi.

Nina daftari. Kila jina jipya likija namwuliza mwenyewe maana, kisha ninaandika. Mama mmoja Msomali mwenye duka la nguo aliniletea shali tatu kwa mpigo: Ubah, ambalo kwao ni ua, Hodan, utajiri, na Deka, ambalo alisema ni zawadi inayotosha usiombe nyingine. Mama wa Kihindi, Mwislamu, ambaye familia yake inauza vyombo mjini tangu enzi za babu zao, alitaka Shabnam, yaani umande, kwenye mto wa mjukuu. Jamaa wenye asili ya pwani wananiletea Subira, Pili, Tatu na Mashavu. Wanubi wananiletea majina ya Kiarabu waliyoyalainisha mpaka yakawa yao. Na kutoka kwetu Bungoma, wakija Waislamu wenzangu Wabukusu, huja na jina moja tu la Kiarabu kwenye karatasi, na lile lingine wanalitaja kwa sauti ya chini, mkono mdomoni, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Siku moja alikuja msichana wa kidato cha pili na sare yake ya chuo cha Kurani. Alitaka nifumue jina Chausiku nimwekee Leila. Alikuwa amechekwa na wenzake.

"Unajua Leila ni nini?" nilimwuliza.

"Si ni jina tu, auntie. Iko poa."

"Ni usiku. Na Chausiku ni aliyezaliwa usiku. Usiku ni uleule mmoja."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Lakini hiyo ingine ni ya Kiarabu, bana."

Nilimfumulia, maana sare ni yake. Lakini nilikasirika siku nzima. Hasira hiyo haikuwa ya yule msichana. Ilikuwa ya zamani, tangu Bungoma.

Baba yangu alizaliwa upande wa Lugulu, kwenye familia ya kanisa, wale wa kuketi benchi la mbele. Akaja mjini Bungoma kufanya kazi, akampenda binti wa Kiislamu aliyekuwa akiishi nyuma ya msikiti, akasilimu, akaoa. Mama yake hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtoto aliyemzaa atabaki kuwa mtoto wake hata akiswali juu ya mti. Nilipozaliwa mvua ilikuwa imefunga barabara siku tatu, na huyo mama yake baba, ambaye sisi Wabukusu tunamwita kukhu, akanipa jina la mvua. Upande wa mama wakanipa la Kiarabu. Nilikua nikiitika yote mawili na sikuona shida yoyote.

Shida aliiona mwalimu wa chuo. Nilikuwa na miaka sita, baba amenishika mkono, tumesimama mbele ya meza yake kujiandikisha. Baba akataja majina yangu mawili. Mwalimu akayaandika, akayatazama, kisha akachukua kalamu na kulipitishia la mvua mstari. Alisema majina ya Nafula na Nekesa na Nasimiyu ni mambo ya mashambani, mvua na mavuno na kiangazi, na mtoto wa Kiislamu haitwi kama kalenda ya mkulima. Baba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na hakusema neno. Alikuwa mgeni katika dini na aliogopa kuonekana mgeni. Hata cheti changu cha kuzaliwa, kilipokuja kuandikwa baadaye, kilifuata daftari la chuo.

Basi nikabaki na jina la mvua mahali pamoja tu, nyumbani kwa kukhu. Kila likizo tulipelekwa Lugulu, na tangu nikiwa kwenye lango nilisikia naitwa. Aliliita kwa urefu, akilivuta mwisho, mpaka majirani wakajua nimefika. Yeye mwenyewe aliitwa kwa jina la njaa. Alizaliwa mwaka ambao nzige walikula mahindi, wakala na wimbi, wakaacha mabua. Niliwahi kumwuliza kama haoni haya kuitwa hivyo.

"Haya ya nini?" alisema. "Watoto wanne walizaliwa kwa mji yetu hiyo mwaka. Watatu walienda bila jina, mama zao hawakuwa na nguvu ya kuita mtu. Mimi niliitwa. Ukiskia Nanjala ujue huyo ni mtu njaa ilishindwa."

Sasa nieleze habari ya kuku, kwa sababu kila kitu kilichotokea baadaye kimefungwa hapo.

Mwaka mmoja likizo ilikutana na Ramadhani. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeapa kufunga mwezi mzima, bila kuruka hata siku, ili nimshinde binamu yangu wa upande wa mama. Lugulu kwa kukhu hakukuwa na adhana. Kulikuwa na kengele ya kanisa, nayo ililia kwa saa zake yenyewe. Redio ilikuwa imekufa betri. Kukhu, mwanamke wa kanisa, alichukua jambo hilo kama kazi yake. Alipika mapema, akafunika chakula, akaketi nacho mbele yangu bila kukigusa, siku baada ya siku. Nilimwambia ale, yeye hafungi. Alisema hajafundishwa kula mbele ya mtoto mwenye njaa, na hataanza uzeeni.

Alama yake ya magharibi ilikuwa kuku. Kuku wake walilala juu ya mti wa mparachichi nyuma ya jiko, na kila jioni jua likizama walipanda mmoja mmoja. Kukhu alisema kuku hadanganyi; wa mwisho akipanda, kula. Tulikwenda hivyo siku kumi na moja na tukafungua salama.

Siku ya kumi na mbili mawingu yalitanda kutoka upande wa mlima, kukawa giza, na kuku wakapanda wote. Kukhu akafunua sufuria, nikala ugali na mboga ya mrenda, nikashiba, nikanywa na chai. Kisha upepo ukafukuza mawingu na jua likatoka, kubwa, likiwa bado juu ya miti. Kuku wakashuka, wakaanza kuchakura. Nililia kama mtu aliyefiwa. Siku yangu ilikuwa imevunjika, na binamu yangu angesikia.

Kukhu hakunicheka. Aliniuliza, "Kwa dini yenu siku ikivunjika inafanywa nini?" Nikamwambia inalipwa, siku nyingine. Akauliza, "Na nani analipa?" Sikujua. Akasema kuku ni wake, kwa hivyo siku ni yake. Kesho yake hakunywa chai ya asubuhi. Alilima tangu saa moja, akachota maji, akaenda kwenye kikao cha akina mama wa kanisa na kurudi, na midomo ilikuwa imekauka. Aliketi nami jioni na safari hii hakuwaamini kuku. Alisubiri mpaka nyota ikaonekana. Kisha akakata kipande cha ugali akasema, "Imelipwa."

Najua sasa kwamba kisheria haikuwa hivyo. Mtoto wa miaka tisa hana siku ya kulipa, na mtu hafungi kumlipia mwingine aliye hai na afya yake. Lakini katika maisha yangu nimefunga na watu wengi, wacha Mungu hasa, na sijaona mtu mwingine aliyebeba njaa yangu mgongoni.

Kukhu alifariki mwaka jana, miezi minne kabla sijashika mimba. Tulimzika Lugulu kwa nyimbo za kanisa, mimi na mtandio wangu kaburini, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikuja kugundua jambo wiki tatu baadaye nikiwa kibandani. Mvua ilianza kunyesha, nikangoja. Nilikuwa nangoja kuitwa. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna tena mtu duniani anayeniita kwa jina langu la mvua. Baba aliacha tangu siku ile ya kalamu, na mume wangu ananijua kwa lile la kwenye cheti. Jina langu lilikuwa limezikwa na la kukhu, kaburi moja. Niliumia, na nikaapa hapohapo, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani: nikijaliwa mtoto wa kike, jina la kukhu litatoka chini ya udongo. Mimba ilipofika na daktari akasema ni msichana, sikumwomba mtu ruhusa. Nilitoa taarifa tu.

Hapo ndipo nilipokutana na mama mkwe wangu uso kwa uso.

Nimtendee haki. Ni mwanamke mwenye mkono wazi na mdomo mkali. Upande mmoja ni Mnubi, upande mwingine babu yake alikuja Kitale na reli na hakuwahi kusema ametoka wapi hasa. Hana kabila la kujivunia wala shamba la kurudi; ana msikiti, mtaa na jina zuri la familia, basi anavilinda kama mtu anavyolinda kuni wakati wa mvua. Yeye mwenyewe alizaliwa mwezi wa Ramadhani na akaitwa kwa jina la saumu, nalo analipenda mno. Tunaishi kwenye ua mmoja, mlango wake ukitazama wangu.

"Jina jema hung'ara gizani," aliniambia. "Hilo lako litang'aa nini? Ati mtoto wa Kiislamu aitwe njaa, na tena njaa ya mtu wa kanisa. Watu watasema tulikosa hata jina ya kumpatia."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na orodha kwenye simu. Kila jioni alikuja na kusoma, la kwanza bustani ya peponi, la pili mwangaza, la tatu lulu. Yalikuwa majina mazuri. Nimeyadarizi mara nyingi kwa watoto wa watu na nitaendelea kuyadarizi. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililoketi mbele yangu na sufuria iliyofunikwa.

Nilimwuliza mama mkwe kama anajua Khadija ni nini. Alisema ni jina la mke wa kwanza wa Mtume, mama wa waumini, na uso wake ulilainika alipolitaja. Nikamwambia wenye elimu ya Kiarabu wamenieleza kwamba neno lenyewe ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Na Fatuma ni mtoto aliyeachishwa ziwa. Waarabu nao walimtazama mtoto, wakatazama hali aliyozaliwa nayo, wakamwita hivyo, kama sisi. Hakuna anayewaambia ni mambo ya mashambani.

"Hayo yametukuzwa na wenyewe walioyabeba," alisema.

"Na mimi ndivyo ninavyosema, Mama."

Aliniangalia, akaingia kwake, akafunga mlango. Mume wangu, ambaye huendesha lori la mahindi kutoka Moi's Bridge na hupenda amani kuliko chakula, alisema tungoje mtoto azaliwe kwanza. Alitumaini jambo lingepoa. Hakunijua vizuri.

Mtoto alizaliwa salama, mnene, mwenye sauti. Kwenye karatasi ya hospitali mahali pa jina paliachwa wazi. Siku ya tatu alianza kulia, na hakuacha. Alinyonya akalia, akaoga akalia. Siku ya tano akafika senge, yaani shangazi yangu, dada wa baba, kutoka Bungoma, na kuku wawili ndani ya kikapu na ndizi mkungu mzima. Alimsikiliza mtoto kidogo tu.

"Huyu naria jina," alisema. "Nyinyi watu ya town mko na halaka ya kila kitu, isipokuwa hii."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akilia bila sababu, mzee humshika na kumwitia majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na jina atakalonyamazia ndilo analolitaka. Senge alimpakata, akaanza. Aliita jina la mama yake babu. Mtoto alilia. Aliita shangazi yake aliyefia Ndalu, na mwingine aliyezaliwa wakati wa palizi, na mtoto akazidi. Niliona mama mkwe amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akinong'ona astaghfirullah. Kisha senge akaliita jina la kukhu, polepole, akilivuta mwisho, kama kukhu alivyokuwa akiniita mimi.

Mtoto alivuta pumzi, akapiga ukelele mkali kuliko wote wa kwanza.

Senge aliliita mara tatu. Mara tatu mtoto alikataa. Senge akanirudishia na hakuniangalia usoni. Mama mkwe alisema kutoka mlangoni, bila kupaza sauti, "Si mmeona. Hata kwa desturi yenu wenyewe amekataa." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana iliniuma.

Nilikaa kitandani na mtoto wangu anayelia na nikafikiri. Nikajiambia kwamba mimi pia niliwahi kukatiwa jina na mtu asiyeniuliza, na leo niko tayari kuliacha la kukhu kwa sababu tumbo la mtoto wa siku tano linauma? Mwalimu alitumia kalamu, hawa wanatumia kilio, mwisho ni uleule. Desturi ni yangu. Naweza kuiheshimu na bado nikabishana nayo, kama ninavyobishana na senge mwenyewe na bado nampikia. Wazee husema heri nusu shari kuliko shari kamili; mimi nilichagua iliyo kamili. Nilimwomba senge anipe kikapu changu cha kazi.

Nilikuwa na shali nyeupe niliyoiweka tangu mwezi wa sita wa mimba. Sikuwa na cherehani ndani, kwa hivyo niliivuta kwenye fremu ya mbao na kudarizi kwa mkono, uzi wa kijani, herufi nene ambazo mtu ataweza kuzisoma akiwa upande wa pili wa chumba. Nilimaliza siku ya sita jioni. Senge aliiona na akasema tu, "Weka na suke ya wimbi hapo chini, alipenda wimbi." Nikaweka.

Siku ya saba ilikuwa akika. Mbuzi alichinjwa asubuhi, sufuria za pilau zikapangwa uani, mtoto akanyolewa nywele, na kwa maajabu ya Mungu akalala wakati wa kunyolewa. Wanaume waliketi uani kwenye viti vya kukodi, sisi wanawake chumbani. Maalim, mzee wa mtaani aliyesomesha wengi, aliombwa aingie mlangoni amwombee mtoto na kumtangaza. Wifi alikuwa amempa karatasi yenye jina la bustani. Mimi nilitoka na mtoto amefunikwa shali yangu, jina likiwa kifuani pake.

Maalim alisoma karatasi. Akasoma shali. Wanawake wa mlangoni walinyoosha shingo kuona, wa ndani wakawafuata.

"Hili ni nini, mwanangu?" aliniuliza.

"Ni jina la mtoto, Maalim."

"Na maana yake?"

"Aliyezaliwa wakati wa njaa."

Wanawake waliguna. Maalim hakuwa mtu wa kugombana. Aliniambia kwa upole kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipenda majina yenye maana njema, na mabaya aliyabadilisha. Na kwamba njaa ni kitu tunachojikinga nacho kwa Mungu katika dua.

"Naijua dua hiyo," nilisema. "Nakutaka radhi, Maalim, lakini jina hili si la kumwita njaa. Waliokufa mwaka ule hawakupata majina. Aliyeitwa ni yule aliyepona. Ukiniambia maana hiyo ni mbaya, nionyeshe njema."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikasimulia habari ya kuku. Niliisimulia yote, mawingu, mrenda, jua lililorudi, na yule mama wa kanisa aliyelima kutwa nzima na midomo mikavu, akangoja nyota. Nilisema najua siku ile haikuhesabika kwa sheria. Nilisema yeye hakujua sheria, alijua tu kwamba mtoto alikuwa ameshinda na njaa bure. Sikulia. Nilikuwa nimejiambia nikilia watasema ni uzazi.

Maalim aliikunja ile karatasi. Akasema, "Hapa sioni haramu. Lakini mimi si mzazi." Akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa amesimama nje ya mlango na kofia mkononi.

Mume wangu alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaitazama shali. Nilijua anatamani awe barabarani na magunia tisini ya mahindi. "Mimi niko na mama ya mtoto," alisema hatimaye.

Mama mkwe aliinuka, akapita katikati ya watu, akaenda jikoni. Maalim alilitangaza jina la kukhu kwa matamshi ya Kiarabu, kila herufi kwa haki yake, na uani wanaume wakaitikia dua bila kujua wameitikia nini.

Wageni walipoondoka, alasiri, mama mkwe aliingia chumbani kwangu na bakuli la uji wa pilipili manga. Senge alikuwa uani akiosha sufuria. Nilijikaza nikisubiri. Aliweka uji, akaketi mwisho wa kitanda, akamfunua mtoto uso, akamfunika.

"Alingoja nyota?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Kuku hakuwaamini tena."

Kisha akaanza kusema akitazama sakafu. "Watu wanajua nilizaliwa mwezi ya kufunga. Ndio nikaitwa hivi. Ni ukweli. Lakini mama yangu alikuwa akisema, mwaka huo sisi tulianza kufunga mbele ya mwezi kuandama. Baba hakuwa na kazi. Ati mwezi ilipofika walishukuru, juu sasa mtaa yote ilikuwa sawa na wao." Alinyoosha leso yake magotini. "Hiyo sijaambia mtu. Hata watoto wangu."

Nilikuwa nimeishi mlango kwa mlango na mwanamke huyu miaka saba, nikapigana naye miezi minne kwa ajili ya jina la njaa.

"Liandikwe la pili," alisema, amerudisha sauti yake ya kawaida. "La kwanza iwe la bustani. Kwa cheti."

"La kwanza, Mama. La bustani liwe la pili."

Tuliangaliana. Nilidhani atasimama. Alichukua bakuli akanipa mkononi, akasema nile kabla uji haujapoa, na jambo la cheti halikurudiwa. Wiki iliyofuata mume wangu alilipeleka kwenye ofisi ya usajili kama nilivyolipanga, nami nilikiangalia cheti kilipokuja, herufi kwa herufi.

Lakini siku ile, alipofika mlangoni, mama mkwe aligeuka.

"Na wewe? Huyo nyanya yako alikuwa anakuita nani?"

Nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa kinywa changu tangu mazishi. Alilirudia polepole, akilipima, kisha akaliita kwa sauti.

Alilitamka vibaya. Niliitika.